Mgeni na pipa la kijani

Julai 2025 nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mama mmoja wa Uswisi ambaye nilikaa kwake siku tatu tu. Kiingereza chake ni kifupi na kilichonyooka, cha mtu aliyefanya kazi hotelini ujanani. Aliandika kwamba anawatafuta wageni wote waliowahi kupanga chumba kwake, na ana ombi moja: kama tuna picha ya nyumba, tumtumie. Picha yoyote. Hata mbaya.

Nyumba yenyewe haipo tena. Ilikuwa Blatten, kijiji cha juu kabisa kati ya vinne vya bonde la Lötschental, kwenye jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Tarehe 28 Mei mwaka huo barafu ya mlimani iitwayo Birch, ambayo kwa siku kadhaa ilikuwa imerundikiwa mawe yaliyokuwa yakiporomoka kutoka kilele kilicho juu yake, ilikatika na kushuka yote kwa mkupuo. Asilimia 90 hivi ya kijiji ikafunikwa. Kifusi kikauziba mto Lonza, maji yakajaa nyuma yake, na nyumba kadhaa zilizokuwa zimenusurika nazo zikazama. Watu kama 300 walikuwa wameshahamishwa siku chache kabla, na ng'ombe wao, kwa kuwa wataalamu walikuwa wanauangalia mlima na waliona unasogea. Mtu mmoja alifariki.

Nikafungua kompyuta nikiwa na furaha kidogo, niseme ukweli. Nilikuwa na picha 412 za safari ile. Mimi ni mwandishi wa habari, kamera yangu nzuri, na kwa mara moja kazi yangu ingemfaa mtu kwa namna inayoeleweka bila maelezo. Nikazipitia zote. Halafu nikazipitia tena, polepole.

Hakuna hata moja iliyokuwa na nyumba yake.

*

Nilikuwa Bern kwa kozi fupi, na mwishoni mwa Februari nikapata siku tatu za kupumzika. Treni za kasi siku hizi zinapita chini kwa chini, kwenye handaki lililofunguliwa 2007. Ukitaka Lötschental unapanda ile ya zamani, inayokwea hadi Kandersteg, inapenya handaki la 1913, halafu inakutema kituo cha Goppenstein, mahali ambapo hakuna kitu ila mwamba na baridi. Hapo unaingia basi la njano. Basi linapita Ferden, Kippel, Wiler, na kule mwisho Blatten, mita 1,540 juu ya usawa wa bahari, na ng'ambo ya bonde umesimama Bietschhorn, mita 3,934, mkali kama jino.

Nilichokifuata kilikuwa vinyago. Katikati ya msimu wa Krismasi na Kwaresima, wakazi wa bonde hili hutoka wakiwa wamevaa nyuso kubwa za mbao zilizochongwa kwa kutisha, ngozi za mbuzi na kondoo mwilini, na kengele ya ng'ombe kiunoni. Wanaitwa Tschäggättä. Zamani walikuwa vijana wa kiume ambao hawajaoa. Leo anavaa anayetaka, wanawake na watoto wamo. Alhamisi kabla ya Kwaresima wanateremka usiku kutoka Blatten hadi Ferden, na ukikaa njiani bila tahadhari unashikwa na kusuguliwa theluji usoni. Mimi nilishikwa. Aliyenishika alikuwa na nguvu za fahali na alinuka mbuzi mzimamzima. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kumbe ndani ya kile kinyago alikuwa msichana wa miaka kama 17. Aliinua uso wa mbao akaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama.

Siku ya pili nilikwea na kebo ya Wiler hadi Lauchernalp, wanakoteleza watu wanaojua kuteleza. Mimi nilikodi viatu vya kutembelea juu ya theluji, vile vipana kama ungo, nikatembea saa mbili nzima nikianguka kila baada ya dakika kumi. Sitawachosha na habari za mandhari. Aliyewahi kuona theluji inang'aa chini ya jua anajua, na ambaye hajawahi, mimi siwezi kumsaidia.

Jioni nikarudi kupiga picha kijijini. Blatten ya kale ilikuwa na maghala ya nafaka yaliyosimama juu ya miguu mifupi, na juu ya kila mguu jiwe bapa la mviringo ili panya asipande. Mbao zake zilikuwa nyeusi. Siyo rangi, ni jua. Jua la miaka mingi linaibabua mbao mpaka inakuwa kama mkaa. Nyuma ya nyumba nilimolala kulikuwa na ghala moja la namna hiyo, mwanga unaliangukia kwa upande, theluji imekaa paani kama mto wa kulalia. Picha ilikuwa tayari imejipanga yenyewe, isipokuwa kitu kimoja: pipa la plastiki la kijani, la mabaki ya jikoni, limesimama ukutani katikati kabisa.

Nikalisogeza. Nikalivuta kwenye theluji hadi upande wa pili, nikapiga picha zangu kumi na kitu, vidole vikafa ganzi, nikaingia ndani. Pipa nikalisahau.

Asubuhi yule mama akaniuliza, kwa upole tu, kama usiku nilisikia upepo. Nikasema hapana. Akasema ajabu, maana pipa lake limetembea.

*

Hapa inabidi niseme nilikotoka, maana bila hilo kisa cha pipa ni kichekesho tu.

Nimekulia mteremkoni mwa Kilimanjaro, juu ya Marangu. Baba yangu mdogo anatembeza wageni: anawaonyesha mibuni, wanakaanga kahawa, wanaitwanga kwenye kinu huku wakiimba, wanakunywa, wanalipa. Ni kazi halali na imesomesha watoto watatu. Shuleni nikiwa likizo nilikuwa namsaidia kutafsiri. Alikuwa na friza sebuleni, ya kuuzia barafu na soda, na kila wageni walipokaribia aliitandikia khanga na kuweka kibuyu juu. Mwaka mmoja mgeni, mtu mpole, mwenye adabu zote, alimwomba baba mdogo asogeze pikipiki yake kidogo ili isiingie kwenye picha ya msonge. Msonge wenyewe baba mdogo aliujenga kwa ajili ya wageni. Sisi tulilala kwenye nyumba ya matofali.

Baba mdogo alisogeza pikipiki huku anatabasamu. Mimi nilibaki na hasira niliyoibeba mpaka chuo kikuu. Niliandika makala juu yake, zaidi ya moja. Nilisema mgeni yule hakuja kutuona sisi, alikuja kuona asichokuwa nacho kwao, na sisi tulikuwa tunamzibia. Nilitumia maneno makubwa. Halafu nikiwa na miaka 34 nikalivuta pipa la mama wa watu kwenye theluji ya Blatten, na wakati nalivuta sikukumbuka lolote. Hilo ndilo linalonisumbua. Kama ningekumbuka na bado nikalivuta, angalau ningekuwa mnafiki anayejijua.

Wengi wenu mtakuwa mmeshamfikiria James Baldwin. Leukerbad, kijiji alichokiandikia ile insha yake maarufu ya 1953, kiko jimbo hilohilo la Valais, si mbali. Yeye alifika huko 1951, akawa mtu mweusi wa kwanza ambaye wengi pale waliwahi kumwona, na alichokiandika ni uzito wa kutazamwa. Mimi pia nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutazamwa. Nilikuwa hata na sentensi za insha kichwani, zinasubiri tu tukio. Tukio halikuja. Wa Lötschental wameshaona wageni wa kila rangi, walinisalimia na kuendelea na shughuli zao. Mtazamaji nilikuwa mimi.

Kuna mwingine aliyenijia akilini baadaye, asiyesomwa sana na watu wa fasihi. Weston Price, daktari wa meno wa Marekani, alifika Lötschental 1931 akitafuta watu ambao chakula cha dukani hakijawafikia. Akahesabu meno ya watoto, akasifu mkate wa shayiri nyeusi, jibini na maziwa. Miaka michache baadaye alikuwa Afrika Mashariki, akihesabu meno ya Wamasai na wengineo. Kitabu chake cha 1939 kinawaweka wote humo humo: wachungaji wa Uswisi na wachungaji wa kwetu, chini ya neno moja lenye maana ya watu wa kale wasioharibika. Kuhusu sukari alikuwa sahihi, sibishani naye. Ila nilipokisoma nilipata faraja ya ajabu, karibu ya udugu. Kumbe mwanakijiji wa Alps naye aliwahi kuambiwa afungue mdomo, na kusifiwa kwa yale asiyokuwa nayo.

Na yale asiyokuwa nayo yalimuuma. Karne ya 19 watu wengi wa Valais ya juu waliuza walichokuwa nacho wakahamia Argentina, kwa sababu mkate ule wenye sifa ulikuwa hautoshi.

*

Sasa, kuna jibu rahisi ambalo nililiandika nilipokuwa kijana, na silikubali tena: kwamba kosa ni uongo, kwamba mgeni anadai uongo na mwenyeji anauuza. Hilo halisimami, na linaangushwa na wenyeji wenyewe.

Tuanze na vinyago. Wachongaji wa Lötschental walianza kuchonga vya kuuza karne ya 20, wakusanyaji na watalii walipoanza kuvitaka. Makumbusho ya Rietberg mjini Zürich ina vinyago vya Lötschental na ina vinyago vya Afrika, chini ya paa moja. Je, kinyago kilichochongwa mgeni akiwa mlangoni ni cha uongo? Ukisema ndiyo, jiandae kuzitupa pia sanamu za Wamakonde za mtindo wa shetani, maana zilikua na kunenepa kwa sababu kulikuwa na wanunuzi Dar es Salaam. Fundi akipata mteja anachonga zaidi, anajaribu zaidi, mkono unakomaa. Yule msichana aliyenipaka theluji hakuwa ananiigizia mimi. Alikuwa anafurahia usiku wake, na mimi nilikuwa njiani.

Halafu kuna yule mama mwenyewe. Nilirudi kulitazama tangazo lake la chumba, lililokuwa bado mtandaoni wiki kadhaa baada ya kijiji kufa, jambo ambalo lilinipa baridi kuliko ile ya Februari. Picha sita. Dirisha lenye maua mekundu, kitanda, mlima, ghala. Pipa halimo! Alilisogeza yeye mwenyewe kabla yangu, na bila shaka alilirudisha.

Baba mdogo naye alifunika friza kwa mkono wake, hakuna aliyemlazimisha. Nilipompigia simu kumhadithia habari hizi alicheka. Akasema, mwanangu, mgeni akija si unafagia uwanja? Unaficha ndoo. Mbona hilo huliandiki gazetini.

Ana haki. Kufagia si uongo. Lakini aliyefunika friza anajua kuna friza, na jioni anaitoa khanga na kuuza barafu. Anaishi pande zote mbili za khanga. Mgeni anaishi upande mmoja tu, na anaondoka akidhani ameona nyumba. Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipo, kama ni kosa. Sikudanganya mtu. Nilikaa siku tatu kwenye nyumba ya mtu na nikashindwa kuwa na udadisi hata kidogo juu ya chochote ambacho hakikuwa kizuri.

Rafiki yangu mpiga picha, tuliyesoma naye Dar, anaona najitesa bure. Hoja yake ni hii: picha ni kuchagua, kila fremu inaacha dunia nzima nje, na wewe hukuajiriwa kuweka kumbukumbu za familia ya watu. Ulilipa chumba, mkamalizana. Nimejaribu kumjibu na sijamshinda. Ninachoweza kusema ni kwamba sisi Waswahili tuna methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku zote niliisikia kama fimbo ya kumfukuzia mgeni mvivu. Siku hizi naisikia tofauti. Mgeni asiyepewa jembe hajui shamba liko wapi. Anayelipa kwa usiku hafiki siku ya tatu kabisa, hata akikaa mwezi.

Mimi nilipewa, kwa bahati tu. Jumamosi asubuhi theluji iliporomoka kutoka paani ikaziba mlango wa nyuma. Yule mama akatokea na machepe mawili mapana ya plastiki, akanipa moja bila kuniuliza. Tulizoa kama nusu saa. Alinionyesha kupinda magoti, si mgongo. Alinionyesha pia pa kumwaga theluji na pasipofaa, kwa sababu maji yake yakiyeyuka yanaingia stoo ya jirani, na kulikuwa na ugomvi wa miaka kumi na moja juu ya jambo hilo, ambao alinihadithia kwa raha kabisa. Huo ndio muda pekee tulioongea vizuri. Kamera ilikuwa ndani.

*

Baada ya Mei nilifuatilia habari kama kila mtu. Blatten iliamua itajengwa tena. Wapo waliouliza magazetini kama ina maana kumwaga fedha nyingi kiasi hicho kwa ajili ya watu wachache chini ya milima inayozidi kulegea kadiri joto linavyopanda. Ni swali ambalo huulizwa na mtu aliye mbali, na mimi wa Marangu, ninayeangalia theluji ya Kibo inavyopungua mwaka hadi mwaka, sitaki kulicheka. Siku moja litatufikia kwa namna yetu. Lakini niligundua kwamba matumaini yangu mwenyewe hayakuwa bora sana. Nilikuwa naomba wajenge tena yale maghala meusi. Mbao mpya ni za rangi ya asali. Zinahitaji kubabuliwa na jua kwa vizazi. Yaani watu wamepoteza vitanda, vyeti, makaburi ya wazazi wao, na mimi nasikitikia rangi ya mbao.

Basi nikamwandikia yule mama ukweli. Kwamba nina picha nyingi za kijiji, za maghala, za kanisa, za mlima, na namtumia zote, ila nyumba yake haimo. Nilitaka kuongeza habari ya pipa, nikaogopa. Akajibu: asante, nzuri sana. Halafu, baada ya dakika chache: hizi ni kama za kwenye kadi. Sidhani alikusudia kuniumiza. Kadi zilikuwa zinauzwa hotelini.

Aliendelea kuandika kidogo. Albamu zilibaki ndani. Walipoambiwa watoke alichukua mkoba mmoja akijua atarudi baada ya siku mbili tatu. Picha alizonazo kwenye simu ni za harusi na sikukuu za kuzaliwa, nyuso za watu zimejaa fremu. Hakuna anayepiga picha mlango wake wa nyuma, aliandika. Kwa nini upige? Uko pale.

Wiki mbili baadaye mama yangu alikuwa ananionyesha kitu kwenye simu yake, na kabla hajakifikia vidole vyake vikapita picha ambayo sikuikumbuka. Nikamwambia arudi nyuma. Ni ile Jumamosi. Nilikuwa nimejipiga kwa simu nikiwa na chepe, ulimi nje, nikamtumia kwa sababu kila siku alikuwa ananiuliza mambo yaleyale: unalala wapi, kuna baridi kiasi gani, nani anakupikia. Mimi simu yangu ya zamani ilishaibiwa Kariakoo na picha zake zote. Yeye hafuti kitu.

Picha ni mbaya. Jua liko nyuma yangu, uso wangu ni giza tupu, na imepinda. Nyuma ya bega langu la kushoto unaonekana mlango wa mbao umeachwa wazi, na ndani yake koti la bluu limening'inia. Kuna kreti la chupa tupu. Kuna kigari cha watoto cha kutelezea theluji, chekundu, kimeegeshwa. Na ukutani, limerudishwa mahali pake, pipa la kijani.

Nikaituma. Ilikuwa saa tano usiku kwetu, kwao saa nne. Alama mbili za bluu zikatokea palepale, halafu kukawa kimya, na mimi nikakaa na simu mkononi. Zilipita kama dakika ishirini. Akaniandikia kwamba lile koti ni la marehemu mume wake, kwamba alikuwa anapanga kulitoa tangu miaka minne iliyopita. Kisha akauliza kama kuna namna ya kuikuza ile sehemu ya chini kulia, nyuma ya kreti, kwa sababu anadhani anaona miguu ya benchi.

Nimeikuza kadiri nilivyoweza. Ni vivuli viwili na kitu cha kijivu. Nimemtumia hivyohivyo.